Eksirei Safi, Mbona Goti Linacheza?

Umeumia goti Jumapili kwenye mechi ya mtaani. Jumatatu ukapiga eksirei, ukaambiwa mfupa mzima, ukapewa vidonge na bendeji, ukarudi nyumbani. Wiki ya tatu uvimbe umeshuka, unatembea, wenzako kazini wanakutania kwamba ulikuwa unadeka. Halafu siku moja unashuka ngazi, mikononi una mafaili, na goti linakuachia ghafla kama vile si la kwako. Unashika ukuta. Hakuna aliyeona. Unaamua kunyamaza.

Msomaji wangu, wengi wanaharibu hapo, kwenye kule kunyamaza. Siku ya kuumia kila mtu anahangaika: barafu, magongo, simu za pole. Wiki ya tatu, maumivu yakishaondoka, hakuna anayekumbuka kuuliza swali la msingi: ni kitu gani hasa kilichokatika mle ndani?

Mwezi huu tunaliuliza swali hilo Pemba, na tuna sababu.

Kisiwa cha vilima

Ukitoka Unguja ukashuka Mkoani, kitu cha kwanza unachokiona ni kwamba barabara haikai sawa. Pemba ni vilima na mabonde mtindo mmoja, kijani mwaka mzima, na masika yakianza udongo unateleza kama sabuni. Jioni vijana wanajazana viwanjani, kuanzia Gombani pale Chake Chake hadi viwanja vya shule ambavyo upande mmoja uko juu kuliko mwingine. Msimu wa karafuu ukifika, watu wanapanda miti inayopita mita 10 kwenda juu. Bodaboda ndiyo usafiri wa kila siku. Na bado hatujataja mchezo wa ng'ombe, ule ambao watu husema uliachwa na Wareno, ambapo kijana anamkwepa dume kwa kugeuka ghafla huku mguu mmoja umeganda chini.

Kugeuka ghafla huku mguu umeganda! Daktari wa mifupa akiisikia sentensi hiyo anajua mgonjwa yuko njiani.

Goti lina kano kuu nne. Mitaani tunaziita mishipa, lakini hazipitishi damu kama mishipa ya damu. Ni kamba ngumu zinazofunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani na moja wa nje, zinazuia goti lisipinde kwenda kando. Mbili ziko katikati, zimekatizana kama mkasi. Ile ya mbele, ambayo kwenye cheti huandikwa ACL, inazuia muundi usichomoke kwenda mbele na usizunguke kupita kiasi. Ile ya nyuma inazuia muundi usirudi nyuma. Juu ya hizo kuna vipande viwili vya gegedu kama vijimto kati ya mifupa. Kano ikikatika na wewe ukaendelea kulitumia goti hivyo hivyo, vijimto hivyo ndivyo vinavyolipa gharama.

Namna ulivyoumia ni nusu ya jibu

Hebu kumbuka vizuri, maana daktari mzuri ataanzia hapa kabla hajakugusa. Ulikuwa unakimbia ukageuka, au umeruka ukatua vibaya, hakuna hata aliyekugusa, ukasikia "pwa!" ndani ya goti, na baada ya saa chache goti likavimba kama nazi? Hiyo ni picha ya kano ya mbele. Uvimbe wa haraka namna hiyo mara nyingi ni damu imejaa ndani ya goti, na goti likijaa damu baada ya kujipinda, zaidi ya nusu ya watu hukutwa kano hiyo imekatika.

Mtu alikuangukia kwa pembeni, goti likapinda kwenda ndani, na maumivu yako upande wa ndani? Hiyo huwa ni kano ya pembeni. Umeanguka na bodaboda ukapiga goti lililokunjwa moja kwa moja kwenye lami? Fikiria kano ya nyuma. Goti limekwama, halinyooki kabisa hata ukijitahidi? Pengine gegedu limechanika na kipande kimejibana katikati, na hilo halisubiri mwezi ujao.

Lipo moja ambalo si la kusubiri hata asubuhi. Mguu umekaa vibaya, umekuwa wa baridi, umekufa ganzi, au nyayo zimepauka: huenda goti zima lilitoka mahali pake na kuharibu mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma yake. Hapo ni hospitali sasa hivi, usiku huo huo, kwa gari lolote. Zina saa chache tu kabla mguu wenyewe haujawa hatarini.

Dada zangu, nanyi msijione mko nje ya habari hii. Katika michezo inayofanana, wanawake hukata kano ya mbele mara 2 hadi 8 zaidi ya wanaume, kutegemea mchezo. Netiboli, yenye kuruka na kusimama ghafla, ni mojawapo ya michezo inayokata sana.

Maji ya moto subiri kwanza

Sasa tuje kwenye ugomvi wa kila nyumba. Umeletwa umebebwa, na kabla hujakaa vizuri bibi ameshaweka sufuria jikoni. Kitambaa, maji ya moto, mafuta, na jirani mwenye mikono ya kukanda ameshaitwa. Wote wanafanya kwa mapenzi, na ukikataa utaonekana una kiburi cha shule.

Kataa kwa adabu. Siku 2 au 3 za mwanzo goti linavuja damu ndani, na joto pamoja na kuchua vinaongeza kuvuja. Kinachotakiwa ni kupumzisha goti, kulifunga bendeji ya kuvutika bila kubana sana, kuliinua juu ya mito, na barafu kwa kupunguza maumivu. Barafu ya mfuko wa jirani mwenye friji inatosha kabisa. Ifunge kwenye kanga isiguse ngozi, dakika 15 hadi 20, kisha iondoe, rudia baada ya saa kadhaa. Kama huwezi kukanyaga, tumia magongo.

Mkandaji siyo adui. Misuli ya paja ikikaza wiki kadhaa baadaye, mikono yake laini inaweza kukupa raha. Ila kuna kazi moja asiipewe kamwe, nayo ni kuvuta na kupindisha goti ili "lirudi". Kano iliyokatika hairudishwi kwa kuvutwa.

Na vidonge vya diclofenac visimezwe kama karanga. Vinapunguza maumivu, sawa, lakini kwa wiki nyingi mfululizo vinachubua tumbo na kusumbua figo. Zaidi ya hapo vinakudanganya kwamba umepona.

Mikono kabla ya mashine

Eksirei inaonyesha mifupa. Kano haionekani. Kwa hiyo "eksirei safi" maana yake ni kwamba hujavunjika, basi, na hiyo ni habari njema kwa nusu ya shida. Hata hivyo usiidharau: usipoweza kutembea hatua 4, au kukunja goti hadi pembe mraba, au ukiwa na miaka 55 na kuendelea, picha hiyo ni ya lazima.

Baada ya picha yanafuata mikono. Daktari au mtaalamu wa viungo anakulaza, analikunja goti kidogo tu, kama nyuzi 20 hadi 30, anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, kisha anavuta muundi mbele taratibu. Kipimo hicho kinaitwa Lachman, kwa jina la daktari wa Philadelphia, na kiliandikwa kwenye majarida ya tiba mwaka 1976. Kano nzima inakwama ghafla, kama kamba ya mashua ikifika mwisho. Iliyokatika inakwenda tu. Atafanya hivyo hivyo kwenye goti zima ili kulinganisha, na akisahau, mkumbushe. Usijaribu nyumbani.

Tatizo ni kwamba siku ya kwanza goti limevimba, misuli imekaza kwa maumivu, na kipimo kinaweza kukosea. Ndiyo maana swali la kuuliza kabla hujatoka chumba cha daktari ni hili: "Nirudi lini unipime tena?" Siku 7 hadi 10 ni muda mzuri. Wengi huwa hawarudi, na hapo ndipo kano iliyokatika inapogeuka kuwa "goti bovu la zamani".

Kwa Pemba, safari hiyo inaanzia hospitali za Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee ya Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu si wageni hapo. Wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu 1964. Kinachohitaji kuvuka maji mara nyingi ni MRI, mashine inayoonyesha kano na gegedu, pamoja na upasuaji wenyewe. Watu huelekea Unguja, na wakivuka zaidi, Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Piga simu kabla ya kukata tiketi, uulize kama mashine inafanya kazi na daktari wa magoti yupo siku gani. Kama mwajiri wako anakukatia mchango wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliza pia nini kinalipiwa, na uliza mapema. Ndani ya boti, kaa mahali unapoweza kunyoosha mguu na uwe unachezesha kifundo mara kwa mara; shavu la mguu likivimba na kuuma baada ya safari ndefu, mwone daktari, huenda damu imeganda ndani.

Kisu au mazoezi?

Hapa naomba mkae wawili, wewe na mwenzi wako, maana hapa ndipo akiba ya kujenga inapoingia mashakani.

Kano ya pembeni upande wa ndani mara nyingi hupona bila kisu. Imenyooka tu: wiki 1 hadi 3. Imechanika kiasi: wiki 4 hadi 6. Imekatika kabisa: miezi 2 hadi 3 na kifaa cha kushikilia goti. Ukifungwa hogo kuanzia paja hadi kifundo kwa wiki nyingi, uliza sababu, kwa sababu goti lisilosogea linakakamaa na paja linakonda.

Kano ya mbele iliyokatika kabisa ni habari nyingine. Kushonwa tu mara nyingi hakukutosha, kwa hiyo upasuaji wa kawaida ni kutengeneza mpya: daktari anachukua mkano wako mwenyewe, nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, anaupitisha kwenye matundu aliyotoboa kwenye mifupa kwa kutumia kamera ndogo, na kuufunga. Wengi wanadhani bila hilo maisha yamekwisha. Siyo kweli. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Sweden wa vijana 121 wenye kano hiyo iliyokatika. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi. Nusu walianza na mazoezi tu, na mlango wa upasuaji ukaachwa wazi. Baada ya miaka 2 makundi yote yalikuwa sawa kwa maumivu na uwezo, na kwenye kundi la pili takriban 6 kati ya 10 hawakuhitaji kisu kabisa. Kufikia miaka 5, karibu nusu bado walikuwa hawajapasuliwa.

Tafsiri yake kwa mtu wa Wete mwenye kazi ya mezani: anza na miezi 3 ya mazoezi ya kweli. Ikiwa goti limetulia, unashuka vilima bila wasiwasi na hucheki na mpira, huenda ukaishi nalo vizuri. Ikiwa linakuachia hata ukienda sokoni, au gegedu limechanika nalo, au kano zaidi ya moja zimekwenda, au kazi yako ni ya kuruka na kugeuka, basi upasuaji una hoja nzito. Kila goti linapokuachia, gegedu linasagwa. Usihesabu maumivu peke yake. Hesabu limekuachia mara ngapi mwezi huu.

Nasema "mazoezi ya kweli" kwa sababu kwetu mazoezi huonekana kama kitu cha kujazia, huku dawa yenyewe ikiwa ni sindano. Kazi ya kwanza ni kunyoosha goti hadi mwisho: weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, bana paja, sukuma goti chini, hesabu hadi 5, achia, rudia mara nyingi kwa siku. Kisha kuinua mguu ukiwa umenyooka. Kisha kuchuchumaa kidogo huku umeshika meza, kusimama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, baiskeli kwenye tambarare (vilima vya Pemba viache kwanza). Bahari nayo ni gym ya bure: maji yakijaa na kidonda kikiwa kimefunga, tembea kwenye maji ya kiunoni. Mtaalamu wa viungo akupangie na akupime, hata kama ni mara moja kwa wiki mbili.

Nyumbani kwenu, chumbani kwenu

Sijaona karatasi ya hospitali inayoeleza choo. Choo cha kuchuchumaa ni adui wa goti lililoumia, na hapo heshima ya mtu mzima inaguswa. Fundi seremala anaweza kukata tundu kwenye kiti imara kwa fedha kidogo. Swala pia: ruhusa ya kusali kwenye kiti ipo kwa mgonjwa, itumie bila kuona haya msikitini, kwa sababu kukalia goti lililokunjwa hadi mwisho katika wiki za mwanzo ni kulirudisha nyuma.

Halafu lile ambalo mnaogopa kumwuliza daktari. Tendo la ndoa halikatazwi na goti, linabadilishwa mkao tu. Mguu ulioumia usibebe uzito, usipige goti, usizungushwe. Lala chali au ubavu, mto chini ya paja, na mwenye afya ndiye afanye kazi. Baada ya upasuaji subirini kidonda kifunge na daktari aruhusu. Mwulizeni waziwazi. Ameshaulizwa na wengine.

Kinachovunja nyumba zaidi ni hesabu ya lawama. "Nilikwambia uache mpira, una miaka 34." Pengine ulisema kweli, dada, lakini mwezi wa pili wa magongo si wakati wake. Na wewe kaka, unapobebewa maji ya kuoga kila siku, unatakiwa angalau uyafanye yale mazoezi uliyopangiwa. Hakuna kinachomchosha mke kama kumhudumia mtu ambaye mwenyewe amelala na rimoti. Kaeni siku moja mwandike kwa pamoja nauli ya watu wawili, malazi ya Dar, siku za likizo, na nani atakaa na watoto. Mkishaona namba kwenye karatasi, ule utafiti wa Sweden mtausoma kwa jicho jingine.

Lini narudi uwanjani?

Mashabiki wa Manchester City wanakumbuka Rodri alivyokaa chini Septemba 2024 kwenye mechi na Arsenal. Alirudi kucheza Mei 2025: miezi 8, akiwa na kila kitu ambacho fedha inanunua. Hapa nyumbani, Yacouba Songne wa Yanga aliumia goti Novemba 2021 na akapelekwa Tunisia kupasuliwa. Halafu mchezaji wa ndondo anataka kurudi mwezi wa 4, eti kwa sababu haumwi!

Kano mpya iko dhaifu zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambapo mtu anajisikia amepona. Watafiti wa Norway na Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba kila mwezi mtu aliosubiri, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza karibu kwa nusu uwezekano wa kuumia goti tena. Kalenda peke yake haitoshi: mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake, na uweze kuruka na kutua kwa mguu mmoja bila goti kuingia ndani. Timu ya mtaa ikitaka kuzuia yote haya, ipo programu ya FIFA 11+, dakika 20 za kupasha moto kabla ya mazoezi, haihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira, na imepunguza majeraha kwa kiasi kikubwa kwenye timu zinazoifuata.

Na anayepanda mikarafuu? Huko juu mguu mmoja uko kwenye tawi na mwili umegeukia kwingine, na goti likikuachia hakuna ukuta wa kushika. Kwa hiyo asipande hadi afaulu vipimo vile vile vya mchezaji, hata kama msimu utampita. Kazi za chini zipo: kuchambua karafuu na makonyo jioni, kuanika majamvini asubuhi, kupima magunia. Akae kwenye kigoda kirefu, mguu umenyooka mbele, taulo chini ya kisigino, na kila akijaza pishi moja abane paja mara 10.